Chora mfalme wa nyuso tatu, kwa mtindo wa Daumier

Karibuni tena. Leo andaa karatasi yenye mkwaruzo kidogo, krayoni nyeusi ya nta na wembe wa kuichonga. Penseli iweke mbali, maana utashawishika kufuta, na leo hakuna kufuta. Honoré Daumier, mchoraji Mfaransa wa vibonzo wa karne ya 19, alichora kwa krayoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa. Jiwe likilowanishwa, wino hushika palipo na mafuta tu. Kwa njia hiyo alitoa picha zipatazo 4,000, nyingi za magazeti ya Paris.

Anza na peasi kubwa: juu jembamba, chini limevimba. Hujawahi kuliona? Parachichi lenye shingo litakufaa. Ni umbo lililomwandama Mfalme Louis-Philippe wa Ufaransa tangu 1831, pale Charles Philipon, mwenye gazeti alilochorea Daumier, alipowaonyesha mahakimu jinsi uso wa mfalme unavyogeuka peasi hatua kwa hatua. Na Kifaransa cha mitaani humwita mtu bwege kwa jina la tunda hilohilo!

Kileleni weka kishungi cha nywele, mashavuni sharafa nene.

Sasa twende polepole, hapa ndipo wengi huharibu. Kichwa ni kimoja, nyuso tatu. Kushoto chora uso wa pembeni, umeshiba, unatabasamu: huo ni wakati uliopita. Wa katikati unatutazama. Ukunje kipaji, huo ni wa sasa. Wa kulia shusha ncha ya mdomo, ndio ujao. Daumier alitoa picha ya namna hii Januari 1834, ilhali mwaka 1832 alikuwa ameshafungwa kwa kumchora mfalme huyohuyo akimeza mali ya wananchi. Jela haikumtoa kwenye peasi.

Kivuli: laza krayoni ubavu, usiisimamishe. Ukikwama, finyanga kichwa kidogo cha udongo, kiweke karibu na taa, utazame giza linapoangukia. Daumier aliwafinyanga wabunge hivyo. Vichwa 36 viko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, na vingine vinachekesha kuliko michoro yenyewe.

Mwisho, saini. Yake ilikuwa h.D. tu. Ukipata jiwe halisi, iandike kinyume, na uso unaotabasamu uuhamishie kulia, kwa sababu chapa hutoka imegeuka kama kwenye kioo.