Basi Usiuachie: Maneno Yangu Kuhusu Magari ya Kimarekani, ya Zamani na ya Sasa

Haya tukae, tukae jamani, waliosimama nyuma viti vipo huku mbele, msiogope simuulizi mtu swali. Shikamooni wakubwa. Wengi mnanijua, mi ndo yule mwenye Dodge Dart ya kijani inayonuka petroli kila mkipita paking, na najua kuna watu wamefuata pilau leo, hamna shida, pilau ipo ila mpaka nimalize.

Nimeambiwa niongelee magari ya Kimarekani, ya zamani na ya sasa, yepi bora. Swali lenyewe linanichosha, nimeshalijibu barazani, msibani, mpaka hospitali nimelijibu nikiwa na dripu mkononi. Hapa kwetu Detroit kila mwezi wa nane kuna Woodward Dream Cruise, ilianza 1995, barabara ya Woodward inajaa magari ya zamani kuanzia Ferndale mpaka Pontiac, na kila mwaka lazima nikutane na mzee kaegemea gari yake, anagonga bampa kwa vidole, koh koh koh, anasema unasikia hicho, hicho chuma, siku hizi wanatuuzia makopo ya soda. Kila mwaka mzee mwingine, maneno yaleyale.

Sasa huyo mzee tumalizane naye kwanza. Mwaka 2009 IIHS, ile taasisi ya mambo ya bima inayogongesha magari makusudi, walichukua Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, wakazigonganisha uso kwa uso upande wa dereva, kila moja inakwenda maili 40 kwa saa. Video ipo, kaangalieni. Ile Bel Air yenye chuma cha koh koh koh ilikunjika mpaka kwa dereva, mlango ukafunguka, usukani ukamfuata mdoli wa majaribio pale alipokaa kwenye kiti cha dereva. Kwenye Malibu mdoli amekaa kwenye chumba chake kizima, angekuwa mtu angeumia mguu. Wa Bel Air tungemsomea hitima. Chuma kilikuwepo kweli, ila hakuna aliyekipangia kazi ya kufanya siku ya ajali, gari ya sasa pua inajitoa mhanga ili chumba kipone.

Na yangu isiwe siri. Dart yangu ni ya 1966, usukani wake umeshikiliwa na fimbo moja ndefu ya chuma inayotoka mbele kabisa ya gari mpaka kifuani kwangu, yani ukigonga ukuta ule ni mkuki. Usukani wa kujikunja Chrysler, ndo hao waliotengeneza Dodge, walianza kuuweka 1967, mwaka mmoja baadaye, bahati yangu ndo hiyo. Breki za dramu magurudumu yote manne, na ilivyotoka kiwandani ilikuwa na silinda kuu, ile inayosukuma mafuta ya breki, ya chumba kimoja, paipu moja ikipasuka hubakiwi na breki hata ya dawa, mi nimeshaibadilisha nimefunga ya vyumba viwili, kwa sababu napenda magari ila na watoto nawapenda. Mafuta galoni moja inanipeleka maili 18, siku njema 20. Moshi wake mnausikia wenyewe. Halafu angalieni ile mita ya maili kwenye dashibodi, ina tarakimu tano tu. Tano! Ikifika 99,999 inarudi sifuri. Waliotengeneza walikuwa hawategemei ifike maili laki moja, na gari yoyote ya leo ikifa kabla ya laki moja mwenyewe anaenda mahakamani.

Kwa hiyo usalama, mafuta, hewa, kudumu, ya sasa imeshinda. Nimekubali mbele za watu. Naweza kuongea sasa?

Nachopenda mimi kwenye gari ya zamani ni kwamba ukiifungua boneti inakubali kueleweka. Basi. Sio urembo, sio yale mapezi ya Cadillac ya 1959, yale mazuri kwenye picha lakini jaribu kuipaki. Injini ya Dart yangu inaitwa Slant Six, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, halafu yote imelala upande kwa digrii 30, kama mtu kaegemea takia barazani. Chrysler waliitoa kwenye gari yao ya Valiant ya 1960, wakailaza ili boneti ikae chini na mabomba ya kuingizia hewa yapate nafasi ya kurefuka. Ukifungua boneti unaiona ardhi. Unaona kabureta, unaona distributa, koili ya kutengenezea umeme wa cheche ile pale, waya huu unatoka hapa unaenda pale, mtoto wa darasa la sita unamuonesha kwa kidole anakuelewa. Spana ikidondoka inafika chini, haimezwi.

Sasa hadithi yangu, na walioisikia wavumilie. Mama mkwe alikuja kututembelea kutoka Tanga. Nikasema leo nakupeleka Woodward mama ukaone magari. Kavaa vizuri, kajipulizia, kakaa mbele, mkanda wenyewe wa kiunoni tu hamna wa begani. Tumefika kwenye taa nyekundu gari ikazima. Nawasha, stata inazunguka, injini inashika kabisa, vruu, naachia ufunguo, kimya. Nawasha tena, vruu, naachia, kimya. Nyuma yangu kuna foleni ya watu wenye magari ya milioni mia wananiangalia. Mara ya nne mama mkwe, ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli, ananiambia kwa upole kabisa, "Baba, si inawaka ukiushika? Basi usiuachie."

(kicheko)

Mnacheka, lakini ule ndo ulikuwa uchunguzi wa kifundi! Kwa sababu kwenye magari yale, ukishika ufunguo kwenye stata umeme wa betri unaenda koili moja kwa moja, ukiuachia unahamia njia nyingine, unapita kwenye kipande cheupe cha kauri kimefungwa kwenye ukuta wa injini, rezista inaitwa, kazi yake kupunguza umeme ili koili na pointi za distributa, zile zinazokata na kuunganisha umeme, zisiungue. Kikifa kile, inawaka ukiwa umeshika, ukiachia imekufa. Hakuna ugonjwa mwingine wenye dalili iliyonyooka hivyo. Na kosa lilikuwa langu mwenyewe, kile kipande nilikichomoa kwenye gari bovu huko yadi, kilikuwa na umri kunizidi mimi, nikakifunga kwa sababu ya ubahili. Nikashuka, nikafungua boneti, nikakata waya wa spika ya nyuma, nikaunganisha ncha mbili za rezista, nikawasha, nikaachia. Vruu. Dakika kumi nazo nyingi. Ile ni dawa ya kukufikisha nyumbani tu, usizunguke nayo wiki, pointi zitaungua. Tukarudi. Rezista mpya ni dola chache, bolti moja waya mbili, na sasa hivi nina mbili za akiba mle kwenye kijidroo. Mama mkwe mpaka leo Tanga anawaambia watu aliitengeneza gari Marekani, na mi sibishi.

Sasa sikilizeni ya upande wa pili. Mwaka uleule gari ya mke wangu, ya kisasa, kampuni siitaji kwa sababu wote tabia moja, taa ya mbele kushoto ilikufa. Sio glopu, hamna glopu mle, ni taa nzima na kompyuta yake ndani. Mpya nikaambiwa bei nikakaa chini. Nikaenda yadi nikapata ileile, modeli ileile, mwaka uleule, nzima, nikaifunga, bolti zinalingana, plagi imeingia klik. Gari ikaikataa. Haikuharibika, imekataliwa! Kwa sababu ile taa imeandikishwa na gari nyingine, mpaka uende kwao na kompyuta yao ikaitambulishe, na kutambulishwa kunalipiwa. Nimenunua gari, nimenunua taa, vyote vyangu kwa risiti, halafu natafutiwa kibali cha kuvikutanisha, utafikiri nachumbia.

Na Dart? Taa zake mbili za duara za inchi 7. Marekani iliamua kuanzia 1940 magari yote yatumie taa ya kipimo kile, kwa hiyo miaka na miaka taa ya Ford inaingia Chevrolet inaingia Dodge, unaipata duka la pembeni, bisibisi moja umemaliza.

Najua mtu anajiandaa kuniambia fundi, gari ya sasa inajisema yenyewe, unachomeka kimashine inakwambia inaumwa nini. Kweli kabisa, tena ile plagi ya kuchomekea, OBD-II, ni sheria ya Marekani kwa magari yote madogo tangu modeli za 1996, kitu kizuri sana naitumia kila siku kazini. Lakini kile kimashine kinakwambia wapi panauma, hakikwambii kwa nini. Mtoto akilia tumbo hujajua kala nini. Ninao vijana gereji, wazuri, wana vyeti, taa ya dashibodi imewaka wanasoma kodi ya kosa kwenye kimashine wanabadilisha kilichoandikwa, taa imewaka tena wanabadilisha kingine, mteja analipa kila duru. Halafu kile cha sheria kinahusu zaidi mambo ya injini na moshi, mengine mengi kampuni imejifungia. Ndo maana watu wa Massachusetts walipiga kura 2012, wakapiga tena 2020, kudai wenye magari na mafundi wa mtaani wapewe taarifa za kutengenezea, na ile ya 2020 ilipita kwa kura kama tatu katika kila nne. Wamarekani hawakubaliani hata kama jua limetoka, ila hilo wamekubaliana. Kampuni zikakimbilia mahakamani, hilo halikunishangaza.

Mwingine atasema wamefunga kwa ajili ya usalama, watu wasichezee. Bwana we. Breki za gari hiyohiyo naruhusiwa kuzifungua mwenyewe nyumbani kwangu na spana ya dola tano, hakuna anayenizuia. Taa ndo hatari?

Sisi wenyewe hili la kujitengenezea hatufundishwi na mtu. Mafundi wa mtaa wa Gerezani pale Dar, au wa Kirinyaga Road Nairobi, nani amewahi kuomba kibali? Cuba baada ya mapinduzi ya 1959 na vikwazo vya Marekani magari mapya ya Kimarekani yakaacha kuingia, na mpaka leo Havana kuna Chevrolet za miaka ya 50 zinabeba abiria, nyingine zimefungwa injini ya dizeli ya kuazima, vipuri vya Kirusi humohumo. Zinaendelea sio kwa sababu ya chuma cha koh koh, ni kwa sababu fundi akiifungua anaiona yote. Sasa jiulizeni gari zinazouzwa mwaka huu zitafika vipi Tandika, Dar, miaka kumi na tano ijayo, zikiwa zinadai kuongea na seva ya huko zilikotoka kwanza ndo zikubali taa. Tumezoea kununua gari ya Japani redio inatusemesha Kijapani tunacheka, tunaendesha hivyohivyo. Hii haitachekesha.

Ila na zamani walikuwa na mambo yao, nisiwadanganye. Magari ya Chrysler mpaka karibu 1970, nati za magurudumu ya kushoto zinafungwa kinyume. Kushoto tu! Waliogopa gurudumu likizunguka litazilegeza. Kijana wa duka moja la matairi, simtaji, alichukua ile bunduki ya upepo ya kufungulia nati akakandamiza kama kawaida, anadhani zimeganda, akakata boliti tatu mfululizo, pak, pak, pak, ya nne nikafika nakimbia na soda mkononi. Kwenye ncha ya boliti kuna herufi L imegongwa, imeandikwa palepale. Kosa lake nusu, nusu la aliyebuni.

Naoneshwa saa. Nilikuwa na karatasi nne hapa, nimemaliza moja na robo. Mustang basi niseme haraka, ilizinduliwa Aprili 17, 1964, bei ya kuanzia dola 2,368, chini yake ni Ford Falcon ya kawaida iliyovalishwa suti, na wala sio dharau, ndo maana vipuri vyake vipo mpaka leo, kijana anayetaka kuanza aanze na hiyo asinifuate mimi kwenye Dart. Nguvu ya injini, ile inayopimwa kwa farasi, mkisoma gari ya 1970 ina farasi 300 msiiamini, zilipimwa injini ikiwa uchi bila eksozi yake wala feni, kuanzia modeli za 1972 ndo wakaanza kuzipima zikiwa zimevaa, namba zikaanguka watu wakadhani injini zimeharibiwa. Zilikuwa zimeharibiwa kidogo pia, lakini hiyo karatasi ya tatu.

Za umeme. Mmetegemea nizitukane. Sizitukani. Mke wa Henry Ford mwenyewe, Clara, alikuwa anaendesha Detroit Electric ya 1914, ya betri, mumewe anauza za petroli. Mota ya umeme haina plagi za kuwashia petroli, haina oili ya injini, haina kabureta ya kunikosesha usingizi, ingeweza kuwa gari rahisi kuliko zote alizowahi kushika fundi. Ingeweza. Ikiwa wataacha boneti ifunguke.

Haya mama anaita pilau. Dart iko nje mlango wa nyuma, boneti nimeiacha wazi, gusani kila kitu isipokuwa eksozi bado ya moto. We kijana uliyekuwa unacheka wakati wa boliti, spana hii hapa, nifungulie gurudumu la kushoto nikuone.