Hawakuanzia kwenye mimba, walianzia kwenye kodi

Shikamooni wakubwa, vijana mambo. Mwenyekiti kanipa dakika arobaini na kashaninong'oneza nisirudie ile hadithi yangu ya kodi, sasa anisamehe, ntairudia, maana jana tu kwenye grupu la WhatsApp la usharika wetu mtu mzima kabisa, mzee wa kanisa, katuma klipu ya mchungaji mmoja wa Marekani anatokwa jasho pale madhabahuni anasema Mungu aliwaamsha walokole wa kule waingie kwenye siasa mwaka 1973 ili waokoe watoto tumboni, na chini yake amina zimejipanga kama foleni ya daladala. Nikaandika: si kweli, walianzia kwenye kodi. Nikaulizwa, we umeokoka lini?

Mi nimelelewa Moravian, baba alikuwa anapuliza tarumbeta kila Pasaka saa kumi alfajiri makaburini, kwa hiyo imani ya mtu siigusi. Na kama mimba itolewe au isitolewe, hilo nalo siligusi leo. Naongelea tarehe tu.

Hukumu ya Roe, ile ya Mahakama Kuu ya Marekani iliyohalalisha kutoa mimba nchi nzima, ilitoka Januari 22, 1973, hiyo hatubishani. Sasa rudini nyuma miaka miwili. 1971, St. Louis, Wabaptisti wa Kusini wako kwenye mkutano wao mkuu, na hawa sio kakanisa ka mtaani, ndio dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti kule. Wanapitisha azimio kwamba waumini wafanye kazi ili sheria iruhusu kutoa mimba pale mama alipobakwa, au mimba ni ya maharimu, au mtoto ana kasoro kubwa, au afya ya mama itaharibika, ya mwili, ya akili, na ya kihisia. Ya kihisia! Leo mchungaji wa Texas akisoma hilo azimio bila kuambiwa limetoka wapi atadhani limeandikwa na wanaharakati wa kizungu wa New York. Na hukumu ilipotoka, mzee W. A. Criswell wa First Baptist pale Dallas, mtu aliyewahi kuwa rais wa dhehebu zima, akasema yeye siku zote ameona mtoto anakuwa mtu wa kujitegemea akishazaliwa. Dallas hiyo. Texas hiyo.

Najua, kuna mtu ananyoosha kidole. Wakatoliki je? Ndiyo bwana, Wakatoliki walipinga toka mwanzo, na walipinga kwa hela na kwa miguu, na ndio maana walokole wengi miaka ile waliliona ni jambo la Wakatoliki. Na walokole wachache waliopinga walikuwepo. Ila wachache hawaanzishi jeshi. Jeshi lilianzia kwingine.

Lilianzia sehemu kama Holmes County, Mississippi. Andikeni hilo jina, mwenyekiti tulia. Mahakama ilikuwa imeshasema toka 1954 kwamba watoto weusi na weupe wasome pamoja, Mississippi wakajifanya hawajasikia mpaka mwisho wa miaka ya 60. Siku ilipobidi kweli, shule za serikali za Holmes zilikuwa na watoto wa kizungu 771. Mwaka wa kwanza wa kuchanganyika wakabaki 28. Mwaka uliofuata: sifuri. Hawakuhama mji, wazazi waliwafungulia shule zao binafsi za weupe watupu, na mtindo huo ukaenea Kusini kote, nyingi zikiwa kwenye majengo ya kanisa, darasa la kwanza linakaa palepale inapokaa Sunday school.

Sasa hapa ndipo watu huwa wanasinzia, kwa hiyo amkeni. Shule kama hizo zilikuwa na msamaha wa kodi kama taasisi za hisani. Maana yake shule hailipi, na wewe unayeichangia unapunguziwa kodi yako. Hebu fikiria TRA wakuambie kila shilingi uliyoipa shule fulani tunaitoa kwenye mapato yako kabla ya kuyatoza kodi, si utachangia huku unaimba? Basi wazazi weusi wa Holmes wakaenda mahakamani wakauliza swali ambalo hata bibi yangu angeuliza: inakuwaje serikali inasaidia kujenga shule ambayo mwanangu akifika getini anarudishwa? Mwaka 1971 mahakama ikawapa haki, shule inayobagua rangi sio hisani. TRA yao ikaanza kuandika barua.

Barua mojawapo ilifika Bob Jones University, Greenville, South Carolina. Chuo cha Biblia. Mwanafunzi mweusi hawakumpokea mpaka 1971, halafu wakakubali walio na ndoa tu, wasije wakapendana na mabinti wa kizungu. Hata walipofungua mlango kwa wasio na ndoa, kanuni ya kukataza mweusi na mzungu kuwa wapenzi waliibakisha mpaka mwaka 2000. Elfu mbili jamani, wengine hapa mlishazaliwa! Januari 1976 wakanyang'anywa msamaha. Na hapo ndipo moto ulipowaka.

Kulikuwa na bwana mmoja mwanamikakati, Paul Weyrich, Mkatoliki, alikuwa anahangaika miaka na miaka kuwaingiza walokole kwenye chama chake cha Republican. Kajaribu picha chafu, kajaribu sala mashuleni, kajaribu mimba pia, wapi, kuni mbichi. Ilipokuja barua ya kodi zikashika. Yeye mwenyewe alikuja kulisema hilo baadaye, sio mimi mzushi.

Na Jerry Falwell, mchungaji Mbaptisti wa Lynchburg, Virginia, ee, huyu sitamuacha. Machi 21, 1965, Jumapili ileile Martin Luther King anaanza kutembea na watu kutoka Selma, Falwell yuko Lynchburg anahubiri kwamba mchungaji hakuitwa kuwa mwanasiasa, kaitwa kuvuna roho. Sawa baba. 1967 akafungua shule yake, Lynchburg Christian Academy. 1978 mkuu wa kodi anatoa mapendekezo ya kuzibana shule binafsi zionyeshe zinachukua watoto weusi, barua za hasira zikamiminika Washington. 1979 mvuna roho wetu anaanzisha Moral Majority, jumuiya ya kuwaingiza walokole kwenye siasa. Ghafla siasa sio dhambi tena.

Mtu ataniuliza, sasa mimba iliingiaje? Jamani, huwezi kumpandisha mtu jukwaani aseme simameni mtetee msamaha wa kodi wa shule isiyotaka watoto weusi. Unahitaji kitu cha kubeba kwenye bango. Sisemi bibi anayefunga na kuomba kwa ajili ya watoto wasiozaliwa anaigiza, hapana, analia kweli. Nasema waliompa bango walijua wametoka wapi.

Na aliyeangushiwa lawama za msamaha kunyang'anywa ni Rais Jimmy Carter, Mbaptisti, mwalimu wa Sunday school, labda rais aliyesoma Biblia kuliko wote wa zama zake. Bob Jones wamenyang'anywa Januari 1976, Carter kaingia Ikulu Januari 1977. Rais alikuwa Ford! Hakuna aliyejali. Agosti 1980 Reagan, mgombea wa Republican aliyetaka kumng'oa Carter, mcheza sinema mwenye talaka moja, akasimama Dallas mbele ya maelfu ya wachungaji akawaambia najua ninyi hamruhusiwi kuniunga mkono, lakini mimi nawaunga mkono ninyi. Ukumbi ukalipuka. Kesi ya Bob Jones ya kugombea msamaha wao iliisha Mahakama Kuu 1983, majaji wanane kwa mmoja, chuo kikashindwa, lakini saa hiyo gari lilishaondoka.

Nimeletewa kikaratasi. Dakika tano! Nilikuwa na kurasa tisa hapa, haya.

Haraka haraka. Wanaosema Marekani iliundwa iwe nchi ya Kikristo, wakasome katiba yao, inakataza kumpima mtu dini ndio apewe cheo. Na waliokuwa wanalilia serikali ikae mbali na kanisa ni Wabaptisti haohao, maana walishatandikwa, Obadiah Holmes alikula viboko 30 Boston mwaka 1651, na barua ya Jefferson ya 1802 yenye maneno ya ukuta kati ya kanisa na dola iliandikwa kuwajibu Wabaptisti wa Danbury. Hii peke yake ni mhadhara mzima, nitaftieni siku.

Trump: wazungu walokole kama wanane katika kumi wamempa kura, mara zote tatu. Wakristo weusi wa kule, Biblia ileile, nyimbo zilezile, wengi mno wamekwenda upande wa pili, kwa hiyo msiniambie ni Biblia iliyopiga kura. Biblia ambayo Trump aliipigia debe 2024 iliuzwa dola 59.99 na nakala nyingi zilichapishwa China. Mnacheka, mi sikucheka, niliwaza ya wauza vitabu wa pale stendi.

Januari 6, 2021, wafuasi wa Trump walipovamia bunge, bendera ya Kikristo ndani, naruka. 2022 Roe ikafutwa, naruka.

Hii siruki. PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI nchi za nje. 2003 Rais Bush aliomba dola bilioni 15 za UKIMWI, na walokole walimsukuma, huo ni ukweli na nawashukuru, kuna watu kwenye ukoo wangu wako hai kwa dawa zile. Januari 2025 misaada ikasimamishwa kwa karatasi moja, na rais mwenye kalamu aliwekwa pale na kura za walokole haohao. Binamu yangu alikwenda kliniki yake ya kila mwezi akakuta kiti cha mshauri kitupu, akanipigia ananiuliza mimi, eti we si unafuatilia mambo ya Marekani, nirudi lini?

Basi, kipaza sauti mpeni yule mama wa kitenge cha bluu, kanyoosha mkono toka nilipomtaja Criswell.