Anueni Dagaa Kwanza

Bwana Yesu asifiwe! Tumsifu Yesu Kristo! Naona waliojibu "Amina" wamekaa kulia na wa "Milele amina" kushoto, kama harusi ambayo wazee hawajamalizana mahari. Haya.

Mada ni imani na matendo, na mlionisikia kule Ujiji mnajua naanzia wapi: dagaa. Vumilieni.

Ilikuwa hapa Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, asubuhi. Mjane mmoja, jirani yangu, amechukua dagaa kwa mkopo, kaanika mchangani. Wingu likapanda kutoka ng'ambo ya Kongo, jeusi tii. Ninyi watu wa ziwa sina haja ya kuwaeleza: dagaa waliokauka nusu wakinyeshewa, ada ya shule imekwenda. Mama anazoa mbio mbio, kanga inamdondoka, ndoo ni moja. Wakapita wapendwa watano wanatoka mkesha, Biblia kwapani. Wakasimama. Nikafurahi! Wakamwambia, "Mama, usiogope, tunakuombea." Wakafumba macho palepale, wakalikemea wingu.

Mvua ikashuka. Aliyekuja kuanua ni kijana wa baraghashia, fundi mitumbwi. Akaja na turubai lake, wakaokoa kama nusu. Na mimi? Mlitaka nisiseme. Nilikuwa kwenye banda la chai, kikombe mkononi, nawahukumu wale watano.

Sasa kuna mtu pale nyuma midomo inamuwasha: "Mwalimu, kwa hiyo kijana yule ataingia mbinguni kwa turubai?" Sijasema! Funguo za mbinguni sinazo. Mimi nauliza habari za wale watano, na wa sita wa kwenye chai.

Yakobo 2:26 mnaujua wote kwa kichwa, na karibu wote mnausoma miguu juu. Mnadhani imani ndiyo roho, matendo ni mwili, ganda la nje tu. Fungueni. "Kama vile mwili pasipo roho umekufa, vivyo hivyo na imani pasipo matendo imekufa." Imani imewekwa upande wa mwili! Matendo ndiyo yamekaa pale penye roho, penye pumzi. Maiti nayo ina mdomo, jamani, na tunaivalisha suti. Someni tena mkifika nyumbani, msinijibu sasa hivi.

"Na Paulo je, aliyesema twahesabiwa haki mbele za Mungu kwa imani?" Nilijua. Warumi 3:28 inasema pasipo matendo ya sheria, na kwa Wagalatia ugomvi ulikuwa tohara, si kumwanulia mjane. Paulo huyohuyo, Wagalatia 5:6: imani itendayo kazi kwa upendo. Waefeso 2 kila siku mnaishia mstari wa 9, "wala si kwa matendo", kama basi limeharibikia hapo. Wa 10 je? Tuliumbwa tutende matendo mema! Martin Luther, baba wa Walutheri, ndiyo, mwaka 1522 aliuita waraka wa Yakobo waraka wa majani makavu, yaani hauna uzito. Lakini naye alifundisha kwamba imani hai haiwezi kukaa bila kutenda. Walutheri na Wakatoliki wametia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, Augsburg, 31 Oktoba 1999, na ninyi bado mmekaa pande mbili.

Nilikuwa na Rahabu, nilikuwa na Ibrahimu, mifano ya Yakobo huyohuyo, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Ibrahimu mtajisomea: Mwanzo 15 alipoamini, halafu 22 alipomtoa Isaka, msigeuze.

Maswali baadaye. Huko dirishani naona kunaingia giza, na leo asubuhi nimepita Kibirizi, mchanga wote umeanikwa dagaa.