Kuwasha seva ya Freeciv kutoka mstari wa amri

Karibuni tena baada ya chai. Kipindi hiki ni cha Freeciv, mchezo wa mikakati wa kujenga dola zamu kwa zamu, na nitabaki kwenye jambo moja: machaguo yanayoandikwa nyuma ya jina la programu unapoiwasha kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri.

Freeciv ni programu mbili. Wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, walioanza kuiandika mwaka 1995, walitaka tangu mwanzo ichezwe na watu wengi kwenye mtandao. Kwa hiyo seva inashika ramani na hesabu zote, na programu ya mchezaji inaonyesha picha na kupeleka amri. Hata ukicheza peke yako, kuna seva inayokimbia kimyakimya nyuma ya pazia.

Sasa, mkorogo huanzia hapa. Kila programu ina machaguo yake, na herufi fupi zinagongana. Kwa seva, -s ni folda ya kuhifadhia mchezo. Kwa mchezaji, -s hiyohiyo ni anwani ya seva. Kwa mchezaji, -a maana yake jiunge moja kwa moja. Kwa seva ni kuwasha ukaguzi wa nywila. Na -A kubwa ni jambo jingine kabisa. Andikeni majina marefu yenye vistari viwili. Vidole vitachoka kidogo, lakini mtu atakayesoma amri yako mwezi ujao ataielewa.

Tengeneza folda kwanza, mkdir ~/dola, kisha:

freeciv-server --port 5556 --saves ~/dola --log ~/dola/seva.log --read ~/dola/mchezo.serv

Poti ni namba ya mlango ambao seva inasikilizia kwenye mtandao. 5556 ndiyo ya kawaida, ungeweza hata kuiacha. Naiandika kwa sababu seva ya pili kwenye mashine hiyohiyo lazima ipewe poti yake, tuseme 5557. Ukiona malalamiko kwamba anwani inatumika tayari, karibu kila mara ni seva ya jana ambayo hamkuizima. Ukiacha --saves, faili zitaangukia kwenye folda uliyokuwa umesimama wakati wa kuwasha, na hapo ndipo watu husema mchezo umepotea, kumbe uko Downloads.

Faili la --read ni maandishi ya kawaida, amri moja kwa kila mstari:

set aifill 6
set timeout 180
set minplayers 3
set saveturns 1

Hapo kwenye aifill wengi hukosea. Sita si idadi ya wachezaji wa kompyuta. Ni jumla ya wachezaji wote. Wakija watu wanne, kompyuta inaongeza wawili. Timeout ni sekunde za kila zamu, na wote wakimaliza mapema zamu hufungwa bila kusubiri. Ukiiweka sifuri hakuna kikomo: mmoja akienda kula, wote mnamsubiri. Minplayers ni idadi ya chini ya watu kabla mchezo haujaanza. Saveturns 1 huhifadhi kila zamu. Kwa wanaokatikiwa umeme, msiipandishe.

Upande wa mchezaji:

freeciv-gtk3.22 --autoconnect --server 192.168.1.10 --port 5556 --name Asha

Bila --autoconnect, hayo mengine yanajaza fomu ya kujiunga tu, na mtu anakaa akidhani imekwama. Jina lisianze na tarakimu: Asha2 sawa, 2Asha hapana. Na jina hilo likumbukwe, maana ndilo linalokurudisha kwenye dola yako mchezo ukifunguliwa upya:

freeciv-server --port 5556 --saves ~/dola --file ~/dola/freeciv-T0042-Y-1950-auto.sav.xz

T0042 ni zamu ya 42. Y-1950 ni mwaka 1950 kabla ya Kristo, ndani ya mchezo. Ukiunganisha --file na --read, mchezo uliohifadhiwa hufunguliwa kwanza, faili la --read hufuata. Ndiyo sababu amri za ukubwa wa ramani hukataliwa hapo: ramani imeshachorwa. Timeout bado inabadilika bila shida.

Wakishindwa kuingia, nendeni kwa utaratibu. Kwenye mashine ya seva, ss -ltn inaonyesha kama 5556 inasikiliza. Ikionekana kwenye 127.0.0.1 peke yake, yaani anwani ya mashine kujiita yenyewe, kuna aliyeandika --bind 127.0.0.1, na hakuna wa nje atakayeifikia. Ikiwa sawa, tazama fayawoli, programu inayozuia miunganisho ya mtandao. Kwa Ubuntu ni sudo ufw allow 5556/tcp. Bado? Wi-Fi za hoteli na za vyuo mara nyingi huzuia mashine kuonana zenyewe kwa zenyewe, na hotspot ya simu inamaliza kesi hiyo. Anwani ya 192.168 msimpe mtu aliye mji mwingine. Huyo anahitaji anwani ya nje, na ruta ielekezwe kupeleka 5556 ya TCP kwenye mashine yenu. Modemu nyingi za laini ya simu hugawana anwani moja ya nje na wateja wengine, kwa hiyo hapo kuelekeza ruta hakusaidii; kodi seva ndogo mtandaoni. Mkishafika kwenye seva halafu mkakataliwa, linganisheni matoleo: programu ya 3.0 haiingii kwenye seva ya 3.1.

Kuna chaguo la --quitidle 600, linaloizima seva ikikaa dakika kumi bila mtu. Ni zuri kwa mashine ya kukodi. Kwa mchezo wa siku nyingi, ambapo kila mtu anaingia kwa saa yake, liacheni kabisa.

Na msiiwashe seva kwa kuweka & mwishoni, alama inayoipeleka programu nyuma. Inasoma amri kutoka kwenye terminali, hivyo ikisukumwa nyuma huweza kusimamishwa na mfumo. Fungueni tmux, programu inayoiweka terminali hai hata mkiondoka, washeni seva humo, bonyezeni Ctrl-b kisha d, mwondoke. Kesho tmux attach inawarudisha palepale, mnaandika save, kisha quit. Maswali?