Tairi Likishavuliwa, Mwenyewe Nani?

Shikamooni wazee wangu, na habari za asubuhi kwenu nyote. Mafundi wa tairi, wenye malori, madereva, na maafisa afya wenzangu wa kata: asanteni kwa kuacha vijiwe vyenu na kuja. Najua kila saa mnayokaa hapa kuna pancha inazibwa kwa mwingine.

Nianze na jambo mnaloliona kila siku. Daladala inaingia kijiweni, tairi la nyuma limekuwa kipara, waya zimeanza kuchungulia. Fundi analivua, anafunga jingine, dereva analipa anaondoka. Lile la zamani limelala pale chini. Sasa niambieni, ni la nani? Dereva atasema nimemwachia fundi. Fundi atasema mimi nimelipwa kulivua, sikulinunua. Mwenye daladala yuko nyumbani, hana hata habari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazipa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, lakini mpaka gari la taka lifike, tairi limeshakaa nyuma ya banda miezi mitatu, na mengine 60 yamelalia juu yake.

Nimefanya kazi ya afya ya mazingira muda mrefu. Kila kanuni ya matairi niliyoisoma, ya kuhifadhi, ya kusafirisha na ya kuyamaliza, ukiikuna kidogo unalikuta swali hilo hilo: mwenyewe nani?

Tuanze na kuhifadhi. Hapo nitakaa sana, maana ndipo tunapougulia.

Chukua tairi, limwagie maji ndani, halafu jaribu kuyatoa yote. Ligeuze, liinamishe, lisimamishe. Yatabaki tu, kwa sababu kingo zake zimejikunja kwa ndani. Humo ndani kuna giza, kuna vuguvugu, upepo haupigi. Majani ya mwembe yanadondokea humo yanaoza, na uozo ule unakuwa chakula cha viluwiluwi. Mbu ninayemzungumzia si yule wa malaria. Huyu anaitwa Aedes, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anauma mchana kweupe. Dimbwi kubwa halimvutii. Anataka maji kidogo yaliyotulia ndani ya chombo, na tairi kwake ni chombo.

Sikilizeni anavyotaga. Anaweka mayai ukutani, juu kidogo ya pale maji yalipofika. Maji yakikauka, mayai hayafi. Yanakaa makavu miezi kadhaa. Siku mvua ikinyesha na maji yakayafikia, yanaanguliwa, na kwa joto letu siku saba hadi kumi zinatosha mbu mzima kuruka. Kwa hiyo wewe uliyemwaga maji mara moja baada ya masika, ukaona ndani pakavu, mayai umeyaacha palepale.

Mbu huyu ndiye anayetuletea dengi, homa ambayo watu wa pwani waliijua zamani kwa jina la kidingapopo. Dar es Salaam iliugua mwaka 2014, na mwaka 2019 homa ikarudi, safari hiyo na Tanga ikiwemo. Ndiye pia anayeeneza chikungunya. Jina hilo tusilisikie kama la kigeni, ni la Kimakonde, lina maana ya kupindika, kwa namna mgonjwa anavyokunjwa na maumivu ya viungo. Wataalamu waliuandika ugonjwa huo mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 hadi 1953 huku kwetu kusini, Newala na uwanda wote wa Makonde. Mwaka 2004 ukaingia Lamu wakati wa ukame, na damu za watu zilipopimwa baadaye ilionekana takriban watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Lamu ni mji wa punda, si wa magari, na pale mbu walizaliana kwenye vyombo vya maji ya nyumbani. Nawatajia ili mwone mbu huyu anavyoweza kuumaliza mji akipata vyombo vya kutosha. Nyuma ya mabanda yetu ya tairi tunampa vyombo kwa mamia, tena visivyo na mtu wa kuvifunika.

Basi kanuni ya kwanza ni ukavu. Tairi lililovuliwa liingie chini ya paa siku hiyo hiyo. Kama huna paa, turubai, tena likazwe mpaka lisiwe na bonde la kushika maji, maana turubai lililolegea nalo ni chombo. Mwenye kuyafanya uzio au kupandia maua, ayatoboe matundu chini, si moja, manne au matano, na matundu hayo yasizibwe na udongo. Halafu kila mmoja achague siku yake ya wiki, Jumamosi au Jumatatu, siku moja isiyobadilika, ya kupita na kukagua. Nasema wiki na si mwezi kwa hesabu ile ya siku saba.

Moto nao una kanuni zake.

Tarehe 22 Septemba 1999, karibu na mji wa Westley, jimbo la California, Marekani, radi ilipiga rundo la matairi chakavu yaliyokuwa yamekusanywa kwa miaka mingi. Yalikuwa mamilioni. Yaliungua kwa takriban mwezi mzima. Tairi likiungua linayeyuka na kutoa mafuta, na mafuta yale yalitiririka hadi kwenye kijito, nayo yakashika moto. Kule Hagersville, Kanada, Februari 1990, matairi kama milioni 14 yaliwaka kwa siku 17. Maji ya zimamoto hayasaidii sana, kwa sababu umbo lile lile linalotunza maji kwa mbu linatunza hewa kwa moto. Unamwagia juu, ndani kunaendelea kuwaka.

Ndiyo maana California leo inapima rundo la nje kwa futi: urefu usizidi futi 10 kwenda juu, eneo lisizidi futi za mraba 5,000, na kati ya rundo na rundo pawe na njia ya gari la zimamoto. Ukiwa na matairi 500 unahitaji kibali, ukifika 5,000 kibali kinakuwa cha daraja la juu zaidi. Kwa kijiwe cha kawaida hapa kwetu futi 10 ni ndefu mno. Mimi ningesema yasizidi kifua cha mtu, yasiegemezwe ukuta wa jirani, na yakae mbali kabisa na anayechomelea vyuma. Nimeshaona cheche zikirukia tairi kwenye gereji ambapo mchomeleaji na fundi wa tairi wanatumia banda moja. Siku ile mchanga ulikuwa karibu. Mchanga uwe karibu siku zote.

Kusafirisha. Hapa nitawasema wenye kirikuu na wenye guta, na nawasema kwa upendo. Mtu anakuja jioni, anapewa hela ya soda, anapakia matairi 30, anaondoka. Amelipwa kwa kuondoa, hakulipwa kwa kufikisha. Faida yake inakuwa kubwa kadiri anavyoshusha karibu, na karibu ni korongoni, au bondeni mtoni, au kwenye kiwanja cha mtu aliyesafiri. Si kwamba ana roho mbaya. Biashara ilivyopangwa ndivyo inavyomwelekeza.

California waliliona hilo. Ukipakia matairi 10 au zaidi, uwe umesajiliwa, gari liwe na stika yake, uwe umeweka dhamana ya dola 10,000, na uwe na fomu ya safari inayosema umepakia wapi, mangapi, na umeshusha wapi. Nakala inabaki kwa aliyetoa. Hiyo nakala ndiyo ninayoipenda kuliko dhamana na stika, kwa sababu hata matairi yakikutwa korongoni, fundi ana karatasi mkononi inayoonyesha aliyakabidhi kwa nani. Leo hapa kwetu matairi yakikutwa korongoni, fundi wa jirani ndiye anayekamatwa, na hana cha kujitetea.

Na kuna kusafirisha kwa mbali. Mwaka 1985, mjini Houston, Marekani, walimgundua mbu wa Asia, ndugu wa huyu wetu, na ikabainika alifika ndani ya matairi yaliyotumika yaliyotoka Japani. Mayai yale makavu niliyowaeleza yalivuka bahari. Baada ya hapo, kuanzia 1988, Marekani ikataka matairi ya aina hiyo kutoka Asia yafike yakiwa safi, makavu, bila wadudu. Kwa hiyo mwenye lori anayetoa matairi chakavu Dar es Salaam kupeleka bara, ayakaushe na kuyasugua ndani kabla ya kupakia, ayafunike njiani. Kuyamwaga maji tu hakutoshi.

Mwisho wa safari ni wapi? Dampo halifai kwa tairi zima. Linashika hewa na gesi, na baada ya muda linapanda juu na kupasua udongo uliofunikia taka. Ulaya walipiga marufuku kufukia matairi mazima mwaka 2003, na yaliyokatwakatwa mwaka 2006. Kulundika jangwani si jibu pia. Kuwait walifikisha zaidi ya matairi milioni 40 mchangani, na mwaka 2021 ikabidi wayahamishe yote kwa malori, kwa sababu mji ulikuwa unayafuata.

Kuchoma ili upate waya wa kuuza kwenye chuma chakavu, hilo nawaomba tuliache. Nalisema hivi nikijua hela ya waya ni ya unga wa jioni. Moshi ule mweusi una benzini na sumu nyingine zinazoleta saratani, na anayeuvuta kwanza ni kijana anayechochea moto. Tanuri la saruji ni jambo jingine. Lina joto la zaidi ya nyuzi 1,400, tairi linaungua lote, na hata waya unaingia kwenye saruji kama chuma kinachohitajika. Kusaga kuwa chembe za mpira ni njia nyingine. Na mafundi wetu wa katambuga walijua siku nyingi kwamba tairi lina maisha ya pili. Tatizo lao ni kwamba jozi ya viatu inamaliza kipande tu cha tairi, na sisi tunavua maelfu.

Njia zote hizo zinahitaji fedha ya kuyakusanya. Nani alipe? Ukimdai anayetupa, atatupa usiku. California inamdai mnunuzi dola 1.75 kwa kila tairi jipya, pale pale dukani, wakati pochi imeshafunguliwa. Naamini huo ndio mlango sahihi, na ningependa wenye maduka ya matairi walio hapa waniambie leo kama wangekubali.

Wakati tunalisubiri hilo, kwenye meza ya mlangoni nimeweka madaftari. Kila kijiwe kichukue moja. Nimechora safu nne: tarehe, idadi, namba ya gari lililochukua, na mahali yanakokwenda. Safu ya nne ikikosa jibu, msiyapakie; yabaki chini ya turubai mpaka lipatikane. Maafisa afya watapita kusoma madaftari hayo, si kuandika faini, kwa miezi mitatu ya kwanza.

Naona mkono kule nyuma. Karibu mzee, uliza.