Shanga za Vifuniko: Kamba ya Mto Themi

Ndugu wasikilizaji, hamjambo.

Kifuniko hiki cha chupa ya maji tulikiokota kando ya Mto Themi. Chupa yake imetengenezwa kwa plastiki nzito kuliko maji, hivyo ikijaa huzama. Kifuniko ni plastiki nyepesi, nacho huelea na kusafiri. Kikitupwa kwenye mtaro hapa Arusha, mvua za masika hukisukuma hadi Themi, na Themi hukikabidhi kwa Kikuletwa, ambao huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na maji yanayotoka bwawani ndiyo Mto Pangani unaomwagika Bahari ya Hindi. Vingine hunaswa njiani, vikachakaa kwa jua na kumeguka kuwa chembe zisizofika milimita 5, ambazo samaki huzimeza.

Zamani niliunda samaki mkubwa wa makopo, peke yangu. Watu walimsifu, wakapiga picha, wakaenda zao. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa niliwapa jambo la kutazama nikawanyima la kutenda.

Safari hii nilitaka tutunge vifuniko kama shanga kwenye kamba ndefu inayofuata njia ya mto, nikaomba msaada wa wanawake wanaotunga shanga. Nilipofika na uzi wa nailoni, mama mmoja aliugeuzageuza vidoleni, akaniuliza, "Mwanangu, tunatoa plastiki mtoni halafu tunaifunga kwa plastiki?" Tukanunua kamba ya katani. Yeye ndiye aliyetufundisha kutoboa kifuniko katikati kwa msumari na kupiga fundo kila baada ya vifuniko vitano, ili kamba ikikatika visimwagike vyote. Kijana anayeokota makopo na kuyauza kwa kilo naye alitusahihisha: taka nyingi hazikuwa darajani tulikodhania, bali kwenye kona ya chini, maji yanapopunguza mwendo. Ujuzi huo sikuupata katika kitabu chochote, na bila yeye kamba yetu ingesema uongo, maana kila kifuniko kimetungwa kwa kufuata mahali kilipookotwa, kuanzia miteremko ya Meru kushuka chini.

Wenzetu wa pwani walitangulia. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, lilisafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Mwaka huohuo, tarehe 1 Juni, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea. Hatua hiyo naiheshimu sana, lakini chupa za vinywaji zilibaki, na vifuniko vyake ndivyo vinavyojaza kamba yetu.

Kamba imetandazwa hapo nje. Sehemu ya Themi imejaa; kuanzia Kikuletwa bado ni katani tupu, kwa sababu hatujafika huko. Wenzetu wa Moshi, ambao Mto Weruweru wao nao huishia Kikuletwa, wameahidi kuokota upande wao. Sisi tunaanza Jumamosi asubuhi pale darajani, na mwenye mabuti aje nayo.