Kila Mtoto Kaja na Lake: Vipaji vya Watoto Katika Familia ya Kambo

Mhadhara kwa wazazi na walezi, umeandikwa kama ulivyotolewa

Shikamooni wazee wangu. Ndugu wazazi na walezi wengine, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kusherehekea vipaji vya watoto katika nyumba ambayo baba kaja na wake, mama kaja na wake, na pengine Mungu akawajalia mwingine wa pamoja. Wako waliofiwa, wako walioachana, wako waliopata mtoto kabla ya ndoa. Nyumba hizi ni nyingi kuliko tunavyopenda kusema hadharani. Mambo ya mama wa kambo na upendo wake yana wasemaji wengi, sitayagusa sana. Nitazungumzia pesa, muda, mahali, na mtu wa kumshuhudia mtoto. Hayo yakikaa sawa, sherehe yenyewe ni kazi ndogo. Yasipokaa sawa, keki na maputo havisaidii kitu.

Tuanze na anachokuja nacho. Mtoto anapohamia nyumba mpya huja na begi la nguo, madaftari ya shule, na jambo moja analolipenda. Mara nyingi jambo hilo alifundishwa na mtu ambaye hayumo katika nyumba mpya. Gita alionyeshwa na baba aliyefariki. Kufuma vitambaa alifundishwa na mama ambaye sasa yuko Tanga. Bao alicheza na babu yake kila jioni. Kwa hiyo anapokaa na gita lile chini ya mwembe, yuko na baba yake pale. Ndiyo maana ukiliondoa ukutani ili upange makochi, atanuna kuliko ulivyotarajia, nawe utasema mtoto huyu ana kiburi.

Basi miezi mitatu ya mwanzo msibadilishe chochote. Msimnunulie gita bora zaidi, msimtafutie mwalimu, na msimwambie amfundishe dada yake mpya. Mzazi mwenye nia njema hukosea hapahapa: anadhani kumsaidia ni kukiboresha kile kitu, na mtoto anaona kimechukuliwa. Tafuteni daftari dogo. Kila wiki andikeni mistari miwili: alifanya nini, kwa muda gani, peke yake au na nani, na alikwama wapi. Mkiona mtoto analirudia jambo mara mbili au tatu kwa wiki bila kutumwa, hilo ni lake kweli. Akilifanya pale tu unapoingia sebuleni, anakutafuta wewe. Kaa naye, habari ya mwalimu itakuja baadaye.

Na tusilazimishe kila mtoto awe na kipaji. Wengi hawana, ila wana wanachokipenda, na hicho kinatosha kabisa kusherehekewa. Yupo anayekusanya vizibo vya soda na kuvipanga kwa rangi. Yupo wa magari ya waya. Yupo anayetengeneza tiara kwa chelewa, karatasi na gundi ya unga, linapaa dakika mbili linaanguka, anarudi kurefusha mkia. Tiara ni la karatasi, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019. Katika familia ya kambo hatari ni kwamba upande mmoja una mwimbaji wa kwaya anayepigiwa makofi kanisani, na upande wa pili una huyu wa tiara. Mkisherehekea ushindi tu, mmeshachagua upande bila kujua.

Sasa pesa. Hapa naomba tutulie kidogo, kwa kuwa ugomvi mwingi unaanzia hapa.

Chukueni mfano wa nyumba yenye watoto wanne, na wazazi wanaweza kutenga shilingi elfu sitini kwa mwezi kwa mambo haya. Elfu arobaini igawanywe sawasawa, elfu kumi kila mtoto: penseli, uzi, betri, nauli ya mazoezi. Elfu ishirini inayobaki iendeshwe kama upatu. Kila mwezi mtoto mmoja anapokea, na kwa miezi minne kila mmoja amepata zamu yake. Mpangilio upigiwe kura mbele ya wote, na mdogo kabisa ndiye achukue vikaratasi. Mtoto anayetaka njumu za elfu arobaini na tano anaweza kutunza elfu kumi zake za miezi miwili kwenye kibubu, mwezi wa zamu akaongeza kumi ya mwezi huo na ishirini ya upatu. Anafika hamsini, anabaki na ya soksi. Kama uwezo wenu ni elfu thelathini, gawanyeni kila kitu kwa mbili. Utaratibu ni uleule.

Unaharibika wapi? Gesi inakwisha tarehe ishirini na tano, mkono unaingia kwenye fungu la watoto, na bahati mbaya ni mwezi wa zamu ya mtoto wa kambo. Wewe unajua ni gesi. Yeye anajua ni yeye. Kwa hiyo wekeni sharti: pesa ikipungua, mwezi huo hapokei mtu yeyote, na zamu zote zinasogea pamoja. Msimruke mmoja hata kama ameridhia, kwa sababu mtoto wa kambo huridhia haraka mno.

Kinanda cha laki kadhaa hakitapatikana kwa upatu huu, na aambiwe wazi hivyo. Kuna njia nyingine: kutumia cha kanisani au cha shule kwa saa maalumu, kuazima, au kuzungumza na mzazi wa upande wa pili.

Tukimtaja huyo wa upande wa pili, njoo tuongee zawadi. Baba aliyeko Mwanza anatuma njumu mpya kwa mwanawe. Wenzake watatu wanaangalia boksi. Baba wa kambo anajisikia kupitwa, kesho yake anarudi na mpira wa ngozi. Sasa wanaume wawili wanashindana kupitia miguu ya mtoto wa miaka kumi. Mwacheni. Zawadi kutoka nyumba nyingine ni ya aliyepewa, haihesabiwi kwenye fungu la nyumbani, wala halazimishwi kuigawa. Vinavyonunuliwa na nyumba, kama rangi na karatasi, hivyo ndivyo vya kushirikiana. Mkinunua mpira wa nyumba, angalieni umri: namba 3 kwa walio chini ya miaka minane, namba 4 kwa minane hadi kumi na miwili, namba 5 kuanzia kumi na mitatu. Mkiwapa wote namba 5, mdogo anapiga kwa vidole, anaumia, na baada ya wiki mbili mnasema huyu mpira hauwezi.

Vyombo vinavyosafiri kati ya nyumba mbili vina tabu yake. Kikubwa kikae, kidogo kisafiri. Bandikeni orodha ndani ya mfuniko wa begi, kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Kinachosahaulika karibu kila mara ni kitu cha bei ndogo: brashi, sindano ya kufumia, waya wa chaja. Hivyo nunueni viwili viwili, kimoja kila nyumba. Mnapunguza simu za lawama kati ya watu ambao tayari wana za kutosha.

Kuna jambo halisemwi: kichanga. Mtoto wa pamoja anapozaliwa, kitu cha kwanza kukatwa ni kelele za mkubwa. “Acha ngoma, mdogo wako amelala.” Kwenye familia yoyote hii ni kauli ya kawaida. Kwa mtoto wa kambo ni taarifa kwamba nyumba imepata mwenyewe. Tengeni saa ya kelele isiyoguswa, mathalani saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, na saa hiyo kichanga ndicho kinachotolewa nje kubembelezwa. Saa zinazobaki ngoma ifungwe kitambaa, gita lipigwe chumbani.

Na adhabu. Mtoto kakosa, mnamnyang’anya madaftari ya kuchorea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka kucheza na kupumzika kwenye orodha ileile ya chakula, malazi na mavazi ambayo mzazi anadaiwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989 unasema jambo hilohilo kwenye ibara ya 31, na unaongeza sanaa. Kama humnyimi ugali kwa kosa la utoro, usimnyime penseli. Tafuta adhabu nyingine. Vyombo vya kuosha havijawahi kukosekana.

Wawili wakipenda kitu kimoja, hasa wakiwa wamepishana chini ya miaka miwili, watenganisheni siku na mwalimu. Wote wanachora? Mmoja aanze na penseli za HB na 2B, mwingine rangi za maji. Akiwa mkubwa wa kutosha anaweza kujaribu mtindo wa Tingatinga: hadibodi ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande vinane vya futi 2 kwa 2, na rangi ni ile ya mafuta inayong’aa. Apakie nje au dirishani, kwa sababu harufu yake ni kali, na rangi ya chini ikauke kabisa kabla ya kuchora mnyama juu yake, la sivyo mistari inavujiana. Kazi zao zitundikwe kuta tofauti. Ukizipanga sambamba, kila mgeni atajifanya hakimu.

Mkitaka jambo la kuwakutanisha, nawashauri bao. Mbao moja ina mashimo 32, mistari minne ya minane, na kete 64. Waanze na bao la kujifunza, ambalo kila shimo linawekwa kete mbili mchezo ukaanza. Bao lenyewe la Kiswahili, ambalo kila mchezaji anaanza na kete kumi mbaoni na ishirini na mbili mkononi, litasubiri. Uzuri wake ni kwamba mtoto wa miaka tisa anaweza kumfunga wa kumi na tano, na wa kumi na tano hana la kusingizia.

Sasa jioni yenyewe ya sherehe, kila mtoto anapoonyesha anachokipenda. Mara nne kwa mwaka inatosha. Ya Juni na ya Desemba zifanyike kabla watoto hawajaondoka likizo kwenda upande wa pili. Jumamosi, saa kumi na nusu, dakika arobaini na tano, muishe kabla ya Magharibi. Kila mtoto dakika saba, mdogo aanze, maana akisubiri atalala au atalia. Hakuna majaji, hakuna zawadi, hakuna wa kwanza. Baba na mama nao waonyeshe kitu, ikiwezekana wasichokiweza vizuri, watoto hupumua. Wa mapishi atuambie hatua zake kisha tule: nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kimoja cha chai cha hamira, vijiko vitano vya kula vya sukari, iliki, na kikombe cha tui la nazi, hapo ana maandazi. Lakini akande saa nane mchana. Akikanda saa kumi hayataumuka, na aibu itakuwa yake mbele ya watu.

Kila mtoto achague shahidi mmoja, mtu mzima wa upande wake: mjomba, shangazi, bibi. Nasisitiza mmoja. Mkifungua mlango, mtoto mwenye ukoo Dar es Salaam atapigiwa makofi na watu kumi na wawili, na yule ambaye ndugu zake wako Kigoma atapigiwa na mmoja. Wa Kigoma aitwe kwa simu ya video, jaribuni mtandao asubuhi, wekeni bando mapema, simu isimamishwe kwenye kiti kwa dakika saba za huyo mtoto tu. Mtandao ukigoma, rekodini mtume. Kazi ya shahidi ni kusema jambo moja aliloliona hasa: “Ile kwato ya mbuzi umeifuta ukaichora upya, sasa imekaa.” Hongera tupu haina mashiko. Na tuache kusema “damu ya baba yake hiyo”, hata kwa furaha. Mama akisema hivyo kwa kicheko leo, wiki ijayo kwa hasira atasema maneno yaleyale.

Kwa mashindano ya shule, UMITASHUMTA ya shule za msingi au UMISSETA ya sekondari, jazeni majina kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Msibandike jina la baba wa kambo ili muonekane mmoja. Waalikeni wazazi wa pande zote mbili, mwalimu ajulishwe mapema, na mchezo ukiisha kila mzazi abaki alipo. Mtoto ndiye atembee, aanze na anayemtaka. Picha zisipandishwe mtandaoni kabla pande zote hazijakubaliana.

Nimeletewa swali kwa karatasi: “Kijana wa mume wangu ana miaka kumi na minne, ananiita anti, anaimba vizuri lakini jioni zetu hataki kushiriki. Nimlazimishe?” Hapana, mama. Mpe kazi ya kupanga viti, kurekodi kwa simu au kutaja wanaofuata, na jina lake liwe kwenye ratiba kwa kazi hiyo. Mara ya pili mwulize kama anahitaji dakika saba. Akikataa, mwandike tena kwenye kurekodi. Na mwulize baba yake, faraghani, nyimbo zile alizokuwa akiimba aliziimba na nani.